Picha za Nchi kwa Magome na Udongo wa Mpanda

Msimu wa karafuu ukishapita, na hasa mwaka ambao mikarafuu imezaa kidogo, mikono mingi majumbani mwetu hukaa bure. Kwa hivyo si vibaya kuwaletea wanachama habari ya kazi ya mikono, hata ikiwa inatoka mbali. Habari ya safari hii inatoka bara, katika mkoa wa Katavi, mjini Mpanda na katika misitu iliyouzunguka. Kazi yenyewe ni kufanya picha za mandhari, si kwa rangi za dukani peke yake, bali kwa magome, udongo, majani makavu na makumvi ya mpunga yaliyobandikwa juu ya ubao.

Kazi hii si ngeni katika Afrika Mashariki. Aliyepita katika maduka ya vinyago ya Nairobi, Kampala au Kigali ameziona picha za magome ya mgomba: mwanamke na mtungi kichwani, kibanda cha nyasi, jua linatua. Fundi hukata gome kavu kwa wembe akachagua vipande kwa rangi yake mwenyewe, maana gome la mgomba laweza kuwa jeupe kama bua au jeusi kama kahawa, na kati ya hizo mna rangi za asali za kila namna. Kisha hubandika kipande juu ya kipande, wala hapana tone la rangi. Ni kazi ya uangalifu, nami siidharau. Lakini ukiziona kumi umeziona zote, na hapana awezaye kukwambia kile kibanda kiko nchi gani.

Wengine wamekwenda njia nyingine. Katika Jamhuri ya Afrika ya Kati hufanywa picha za mabawa ya vipepeo. Mfaransa mmoja mashuhuri, Jean Dubuffet, naye alifanya za mabawa ya vipepeo mwaka 1953, na mnamo 1959 akafanya za majani makavu. Karibu zaidi na kwetu, Uganda ilipoingia kwa mara ya kwanza katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2022, banda lake lilipewa sifa maalumu, na mmoja wa wasanii wake wawili, Acaye Kerunen, alitundika humo kazi za ukindu, magome ya mgomba na nguo za magome, zilizosukwa pamoja na wanawake mafundi wa kwao. Kwa hivyo asije mtu akasema hii ni michezo ya watoto wa skuli.

Kwa nini basi Mpanda? Mpanda ni mji wa reli. Njia ya kutoka Kaliua ilifika huko mwaka 1950 kwa sababu ya mgodi wa risasi wa Mukwamba. Mgodi ulifungwa zamani, mji ukabaki, na tangu mwaka 2012 ndio makao makuu ya mkoa wa Katavi. Kusini yake, kiasi cha kilomita 35, ni Sitalike, mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyotangazwa mwaka 1974. Na kila upande ni miombo, msitu mkavu usiokwisha.

Sisi wa visiwani tumezoea kijani kisichobadilika. Mkarafuu, mwembe, mnazi, vyote vi kijani Januari na vi kijani Agosti. Kule nchi hubadilisha nguo. Kiangazi kikikolea, nyasi huwa rangi ya simba, moto ukapita ukaacha weusi chini ya miti. Halafu mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla ya tone la mvua kuanguka, miti ya miombo hutoa majani machanga mekundu kama shaba, na mgeni akitazama kwa mbali hudhani msitu unaungua. Mwezi wa Novemba mvua huja, na kila kitu kikawa kijani. Mtu atakaye kufanya picha ya nchi kwa vitu vya nchi ile ile hapati mahali pazuri kuliko hapo, kwa kuwa rangi zote ziko chini ya miguu yake, nazo haziko mahali pengine kwa mpango ule.

Lakini kwanza tuzungumze juu ya gome, maana hapo ndipo kazi hii inapoweza kuwa ya heri au ya hasara.

Katika miombo ya Katavi na Tabora, na sana upande wa Inyonga, watu ni wafuga nyuki wa tangu zamani. Mzinga wa asili ni wa gome. Fundi huchagua mti mnyofu, aghalabu mtundu, akakata pete mbili, moja chini na moja juu, kisha akalivua gome lote kama mtu avuavyo kanzu, akalishona liwe mzinga. Mzinga huo ni mwepesi na haugharimu fedha. Ila mti uliovuliwa hivyo hufa ungali umesimama. Kwa ajili hiyo mabwana nyuki wamekuwa wakiwahimiza watu kwa miaka mingi waingie katika mizinga ya mbao.

Sasa fikirini. Mfuga nyuki akiua mti, angalau apata asali na nta ya miaka kadhaa. Mfanya picha akivua mti ule ule ili apate kufanya picha ya mti, ameua kitu chenyewe apate sura yake. Na ikiwa picha zitapendwa na watalii, watu kumi watafanya vile, halafu mia. Mimi naona jambo hili ni kubwa kuliko ufundi wowote wa kubandika.

Waganda wana mti wao, mutuba, ambao hutoa nguo ya gome, na ufundi wake ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa tunu ya urithi usioshikika wa binadamu. Mutuba huvuliwa gome wakati wa mvua, na pale pale shina hufungwa majani ya mgomba kama mgonjwa afungwavyo kitambaa. Gome huota tena, na mti mmoja huweza kuvunwa miaka na miaka. Asiyejua miti hudhani kila mti ni hivyo. Mtundu sivyo. Ukiuzungushia kisu umekwisha.

Basi gome la picha lipatikane wapi? Kuna mizinga mikuukuu ya magome iliyoanguka na kuachwa na wenyewe, na gome lake, kwa kukaa juani na mvuani, limepata rangi ya majivu ambayo hapana brashi iwezayo kuitoa. Kuna magogo ya kuni. Na kuna mabanzi ya mbao za mninga, ambayo wapasuaji huyatupa au huyachoma. Gome likiwa limejikunja, liloweke maji usiku kucha, kisha libane chini ya mawe mazito juu ya magazeti, ukibadilisha magazeti kila siku mpaka likauke limenyooka. Gome la mtundu lina tabaka. La nje ni gumu na lenye nyufa, la ndani lina nyuzi za wekundu wa kahawia, ndizo watu wazifanyazo kamba. Yatenge, kwani kazi zake mbali mbali.

Udongo ndio rangi. Chukua udongo mwekundu wa kando ya njia, mweusi wa mbuga, na mweupe ukiuona kingo za mito. Upondeponde, utie ndoo ya maji, ukoroge, ungoje kidogo mpaka mchanga uzame, kisha yamimine yale maji ya tope katika chombo kingine yatulie mpaka kesho. Kilichokaa chini ndicho kizuri. Ni laini kama hina. Ukikianika na kukisaga, waweza kukichanganya na gundi ya mgunga au gundi nyeupe ya maseremala ukapaka kama rangi yoyote. Weusi hupatikana kwa vumbi la mkaa. Maseremala wetu wa zamani walipigia mistari yao ngeu, nayo haikuwa kitu kingine ila udongo mwekundu.

Kuna tofauti kubwa hapa ambayo wanaoanza hawaijui. Rangi ya udongo haipauki. Wekundu wa jani changa la mwombo hupauka, na jua la dirishani likilipata miezi michache tu huwa rangi ya karatasi kuukuu. Maua ni mabaya zaidi. Kwa hivyo atakaye msitu mwekundu wa Oktoba apake kwanza wekundu wa udongo juu ya ubao, ndipo abandike majani juu yake. Majani yakija kupauka, udongo utabaki ukishuhudia chini yake.

Katika kukausha majani, mwanachama wa chama hiki hahitaji mwalimu. Twajua sote kwamba kilo tatu za karafuu mbichi hutoa kama kilo moja kavu, na kwamba karafuu zilizolundikwa usiku zikiwa mbichi hupata moto na kuharibika rangi. Majani ni hivyo hivyo. Usiyalundike. Yatandaze mamoja mamoja kati ya magazeti, uyabane, ubadilishe karatasi kila asubuhi. Na kama vile karafuu iliyokauka barabara ikiwekwa penye unyevu huvuta maji tena, gome lililokauka katika hewa kavu ya Mpanda likiletwa pwani huvuta unyevu, likajikunja na kufanya koga. Picha iliyofanywa kule ikauzwa Unguja yaweza kuachana na ubao wake mwezi mmoja tu. Dawa yake ni kuupaka ubao gundi iliyozimuliwa maji pande zote mbili, mbele na nyuma, kabla ya kuanza, ili usivute unyevu upande mmoja ukapinda.

Gundi ya bei rahisi ni uji mzito wa unga wa ngano au wa muhogo. Ni nzuri na haing'ai. Lakini huchacha upesi, na wadudu huipenda kama sisi tupendavyo bokoboko. Hapa ndipo mali yetu wenyewe inapofaa. Mafuta ya karafuu, matone mawili matatu katika kikombe cha uji uliokwisha poa, huzuia koga na kuchacha. Wajalidi wa vitabu huko Ulaya walitumia dawa hiyo kwa gundi zao. Wachoraji wa rangi za mafuta nao huyatia katika rangi zao zisikauke upesi. Msizidishe, maana mafuta hayo ni makali, huchoma ngozi na huweza kulainisha plastiki na rangi iliyokwisha pakwa. Magome na majani yenyewe, kabla ya kubandikwa, yafungwe katika mfuko wa plastiki yakae katika friza wiki mbili. Hivyo ndivyo wafanyavyo walinzi wa makumbusho kuua fukusi na mayai yake bila ya sumu.

Haya, tuseme vitu viko tayari, nawe wataka kufanya picha ya mbuga ya Katavi mwisho wa kiangazi. Kanuni ni moja: kilicho mbali kiwe chembamba na laini, kilicho karibu kiwe kinene na kizito. Anza na anga. Watu wengi hukimbilia buluu. Anga la Septemba huko si buluu, ni la moshi, kwa hiyo paka udongo mweupe uliotiwa vumbi la mkaa kidogo sana. Wengine hubandika pamba kuwa mawingu. Mimi naona picha huwa kama mguu wa mtu aliyefungwa hospitali. Vilima vya mbali ni udongo mwembamba tu. Mstari wa msitu ni nyuzi za gome la ndani, zimesimamishwa bega kwa bega. Mbuga ni makumvi ya mpunga na nyasi zilizopasuliwa, na mpunga Mpanda si haba. Mbele kabisa ndipo gome la nje lenye nyufa, shina moja au mawili, si zaidi.

Ipo tunu moja katika msitu ule ambayo lazima niitaje, tunda la mninga. Ni duara kama kisahani, katikati limejaa miiba kama brashi, pembezoni lina ukingo mwembamba kama karatasi. Huanguka lenyewe. Wafanya picha hupenda kulifanya jua, jambo ambalo ni rahisi mno. Likikatwa nusu likawekwa chini huwa kichaka kilichoungua, na hapo hupendeza kweli.

Na miti isiyo na majani? Hapa nitawacheka wenzetu wa bara kidogo, kwani kitu kizuri kuliko vyote kwa kazi hiyo kiko kwetu, nacho ni konyo. Konyo kavu la karafuu, na matawi yake matatu matatu, likibandikwa wima ni mti wa kiangazi kamili, na wadudu hawaligusi. Watu wa Ambon, Indonesia, walijua tangu zamani kwamba karafuu si ya chungu tu; walifanya meli ndogo nzima nzima za karafuu, na baadhi yake ziko katika makumbusho ya Ulaya mpaka leo.

Sasa mto. Mto Katuma ndio roho ya mbuga ile, nao hushuka mpaka Ziwa Rukwa. Wakati wa mvua ni maji mapana. Mwisho wa kiangazi huwa madimbwi ya tope, na viboko kwa mamia hujazana humo wakilaliana, na mamba huingia katika mashimo ya kingo kungoja mvua. Kiangazi ni kiangazi, tangu hapo mto hupungua. Lakini miaka hii umepungua kupita desturi, kwa sababu maji huzuiwa huko juu kwa mashamba ya kumwagilia, na miti ya kwenye vyanzo imekatwa. Mkulima wa mpunga anataka kula, hapana awezaye kumlaumu kwa hilo. Na kiboko naye hana pengine pa kwenda.

Mfanya picha ana njia mbili. Aweza kufanya mto uliojaa, kwa kuwa mnunuzi apenda maji, na picha ikauzwa. Au afanye mto ulivyo. Mimi nasema afanye ulivyo, na vitu vyenyewe vitamsaidia: tope ni tope, udongo mweusi wa mbuga uliotiwa gundi nzito na kuachwa upasuke nyufa wenyewe unapokauka. Viboko wasichorwe. Kata vipande vya mviringo vya gome lililolowa, uvikunje kidogo juu ya kidole, uvibandike vikigusana mpaka tope lisionekane. Mtu akisimama mbele ya picha hiyo atauliza maji yako wapi. Picha za mwanamke na mtungi hazijaulizwa swali hata moja.

Yako mambo ya sheria. Ndani ya Hifadhi ya Taifa hapaokotwi kitu, hata jani, kwa hivyo vitu vyote vitoke nje yake, na katika msitu wa kijiji iombwe ruhusa kwa serikali ya kijiji. Manyoya ya ndege na miiba ya nungunungu yaonekana mazuri katika picha, lakini hizo ni nyara za Serikali kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na kuwa nazo bila ya kibali ni kosa, ijapokuwa uliziokota chini. Mbegu nazo ziepukwe, hata zile nzuri za mkongo, nyeusi zenye kofia nyekundu. Nchi nyingine, kama Australia, huzuia mbegu na majani makavu mpakani, na mtalii atakayenyang'anywa picha uwanja wa ndege hatawasifu mafundi wake kwa rafiki zake. Ni bora kumwambia mnunuzi mapema ndani mna nini, au kuandika nyuma ya ubao: gome la mzinga mkuukuu, udongo wa kando ya njia, makumvi, makonyo. Maandishi hayo peke yake huongeza thamani, kwani mnunuzi ajua kwamba hapana mti uliovuliwa kwa ajili yake.

Juu ya faida nitasema kidogo tu. Watalii wafikao Katavi ni wachache kuliko wa Serengeti au Ngorongoro, kwa hivyo asitegemee mtu kuuza mlangoni pa Sitalike kila siku. Picha ndogo, ya kimo cha ukurasa wa daftari, ndiyo ichukulikayo katika treni na basi bila ya kuvunjika. Kubwa ziwe za kuagizwa.

Mwenye kuweka kioo mbele ya picha atie vijiti vyembamba kati ya kioo na ubao pande zote nne, ili kioo kisiyakandamize magome. Picha isitundikwe mkabala na dirisha wala juu ya jiko. Na kwetu pwani, ambako kuta hutoa jasho wakati wa masika, nyuma ya fremu vibandikwe vipande viwili vya kizibo, pembe za chini, ili hewa ipate kupita kati yake na ukuta.